Njia Kuu ya Mfalme

JUMANNE

Soma Hesabu 20:14–21. Waisraeli waliahidi nini kuhusu mashamba na maji ya Edomu?

Mungu ndiye aliyewaongoza, hata hivyo waliomba ruhusa, wakaahidi kulipia maji. Walipokataliwa, walizunguka.

Mwaka mmoja niliwaongoza Watafuta Njia kwenda kuogelea mtoni, huko Kilimanjaro. Tulikatiza shamba la kahawa bila kupiga hodi. "Mto ni wa Mungu," niliwaambia. Tuliporudi, tulimkuta mzee mwenye shamba akiinua miche tuliyoikanyaga. Hakutukemea. Vijana walinitazama mimi.

Jumapili iliyofuata tulirudi na majembe, tukamwomba radhi.

Tafakari: Ni wapi unapita kwa jirani bila hodi, kwa kuwa unaamini safari yako ni ya Mungu?