Je, Kila Mdudu Ni Adui?

Ndugu msomaji, tuseme umeingia asubuhi katika bustani yako ya maharage, hapa Sumbawanga, umande ungali majanini. Waona vidukari weusi wamelishika shina changa, wanalifyonza. Kando yao atambaa kijidudu kirefu cha kijivu, chenye madoa ya manjano na sura ya kutisha. Mkono wako utamwua yupi kwanza? Wengi wetu humwua huyu wa pili, kwa sababu ya sura yake. Kumbe yeye ni mtoto wa yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, na chakula chake ni hao vidukari! Umemwua mlinzi wako, na mwizi umemwacha.

Basi swali letu ni hili: Je, mtu ana haki ya kukiua kiumbe kabla ya kuijua kazi yake?

Huenda mtu akasema: “Mkulima hana nafasi ya kuchunguza. Dawa na ipigwe, wafe wote.” Hoja hii si ya kudharauliwa, maana njaa haina mzaha. Sisi wa Ufipa twakaa juu ya bonde la Ziwa Rukwa, ambalo ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Kuanzia mwaka 1930 hata 1944 nzige hao walizikumba nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo hatusemi kwamba mkulima akae akitazama shamba lake likiliwa.

Lakini kujilinda ni jambo moja, na kuua ovyo ni jambo jingine. Nzige walipozidi tena mwaka 2009, katika nyanda za Rukwa na sehemu nyingine za Tanzania ilinyunyizwa kuvu inayowaua nzige na panzi, wala si nyuki. Hekta zaidi ya 10,000 zilinyunyiziwa, na baa hilo likazuiwa. Yafahamika basi kwamba mtu aweza kumpiga mkosaji bila kumwangamiza asiye na kosa. Hakimu anayewafunga wanakijiji wote kwa kuwa mwizi amo kati yao hatumwiti mwenye bidii, twamwita dhalimu.

Tena mtu aweza kuuliza: “Na kipepeo, anayepepea tu, ana faida gani?” Jawabu la kwanza ni kwamba faida nyingi hatuzioni. Mboga ya maboga huzaa ua dume mbali na ua jike. Pasipo nyuki na wenzake kuchukua chavua, boga halipatikani. Wazee wetu wa Kifipa walifukia nyasi katika matuta ya ntumba ili zioze na kuurutubisha udongo. Wenye kuzigeuza nyasi zile kuwa mbolea ni viumbe ambao wengi wao hawaonekani kwa macho.

Jawabu la pili ni zito zaidi. Hata kama kipepeo hatufai kitu, sisi hatukumwumba. Na yule anayempenda kipepeo hana budi kumvumilia kiwavi, kwa kuwa ni mmoja. Akimponda kiwavi kila amwonapo, asiulize kesho vipepeo wamekwenda wapi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, tazama kabla hujaua. Acha ukanda wa maua ya mwituni pembezoni mwa shamba. Ikibidi kupiga dawa, piga palipo na dhara tu, tena jioni, nyuki wakisharudi mzingani.

Mwisho, jiulize kwa nini jambo dogo kama hili lina uzito. Labda wewe mwenyewe uliwahi kuhukumiwa kwa jina ulilolichagua au njia uliyoifuata, na watu waliokuhukumu hawakuwahi kukaa nawe hata siku moja. Wayajua maumivu yake. Basi uadilifu ule ulioutamani kwao, uanze kuuzoeza mkono wako bustanini, kwa kiumbe asiyeweza kujitetea.