Nani Atamdhamini Onesimo?

Somo: Filemoni 8–22; Wakolosai 4:7–9

Barua kwa Filemoni ni fupi hivi kwamba ukifungua Biblia kwa haraka unairuka bila kujua. Sura moja, mistari 25. Haisemi lolote kuhusu siku za mwisho wala karama za Roho. Ni barua ya mtu aliye kifungoni, anamwombea kijana aliyeharibu.

Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, mtu mwenye nafasi, ambaye kanisa lilikuwa linakutana nyumbani kwake. Akatoka kwa bwana wake, na mstari wa 18 unatufanya tushuku kwamba hakutoka mikono mitupu. Kwa lugha ya mtaani, huyu ni wale vijana unaoambiwa usiache simu mezani wakiwa karibu. Akamfikia Paulo akiwa minyororoni, akaokoka. Wengi wetu tungeishia hapo: haleluya, ushuhuda, makofi, keti chini. Paulo akachukua kalamu. Mstari wa 19 unasema aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kijana ana deni, yeye Paulo atalilipa.

Mimi nilisomea biashara, na mstari huo hunikamata kila nikiusoma, maana ni lugha ya daftari la hesabu. Paulo alifanya kile unachofanya kwenye sacco ukimwekea mwenzako saini ya mkopo. Na humu kanisani wapo wanaojua uchungu wake: aliyekopa amezima simu, na mwisho wa mwezi mshahara uliokatwa ni wako. Ndiyo maana siku hizi mtu akikuomba udhamini unajifanya meseji hujaiona. Mnacheka, lakini mnajua.

Sisi wa upande huu tuna sababu ya kuielewa barua hii kuliko wengi. Kila siku makanga wanapiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!", na jina lile limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachiwa huru, kilichoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana mwaka 1875. Waliofika pale wengi hawakuwa na ukoo wala shamba wala mtu wa kusema "huyu namjua." Ilibidi wapatikane watu wa kuwapokea.

Sasa tuje kwa vijana wetu. Mwaka 2016 serikali ilichapisha orodha ya magenge 90 yaliyopigwa marufuku, ya Mombasa yakiwemo. Mei 2024 gavana wetu akapiga marufuku muguka, na siku chache baadaye mahakama ikasimamisha amri hiyo. Sipingi serikali kufanya kazi yake. Mama aliyevamiwa kwa panga Mishomoroni akifunga kibanda chake ana haki ya kulindwa, na mtu asimwambie habari ya kusamehe kabla hajashonwa kidonda. Lakini hakuna amri ya serikali inayoweza kumgongea kijana mlango saa kumi na mbili asubuhi, imwambie, "Amka mwanangu, leo ni siku ya kwanza ya kazi."

Wala tusijifanye hatuogopi. Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia ibadani kule Likoni wakaua waumini. Kuna dada zetu ambao mpaka leo wakimwona kijana mgeni mlangoni na begi mgongoni, moyo unaruka. Siwalaumu, na mashemasi wa mlangoni wataendelea kukagua. Ila vijana ninaowazungumzia leo tunawajua kwa majina ya mama zao. Wengine walikariri mistari ya kumbukumbu katika shule yetu ya Jumapili. Karo ikakosekana, akaanza kushinda maskani, akaanza kutumwa hapa na pale, siku moja akatumwa mahali pabaya.

Wako wanaofika Shimo la Tewa, taasisi ya kurekebisha wavulana. Pale hupelekwa na mahakama wakiwa na miaka 15 hadi 17, na wanaweza kukaa hadi miaka 3, wakisoma na kujifunza ufundi. Kisha siku ya kutoka inafika, lango linafunguliwa, na swali ni moja tu: nje kuna nani? Watu wa maskani huwa hawachelewi. Wanajua tarehe, wana nauli ya matatu, wana na chakula. Kanisa linakuja kusikia baada ya miezi miwili, wakati wa maombi ya mazishi.

Halafu kuna kazi. Akienda kuomba hotelini au kwenye kampuni ya mizigo, anaulizwa cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Na hata mahali wasipouliza cheti, wanauliza, "Nani anakujua?" Ile barua ya Filemoni ndiyo ilikuwa cheti cha Onesimo. Mstari wa 17 Paulo anaomba kijana apokewe kama vile angepokewa yeye mwenyewe. Amelikodisha jina lake. Tena hakumwachia Onesimo aibebe barua peke yake njia nzima: Wakolosai 4 inatuonyesha alisafiri na Tikiko, mtu mzima anayeaminika. Tikiko hana mahubiri hapo. Alitembea naye tu mpaka mlangoni.

Najua kuna mtu tayari amefungua Mithali 6, pale Sulemani anapomwonya anayemdhamini mwenziwe. Vizuri, tuisome. Sulemani anamwonya mtu aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake bila kupiga hesabu. Paulo alikuwa amepiga hesabu, alikuwa amekaa na Onesimo, anamjua. Na angalia jambo ambalo wengi hatulioni: hakumficha. Alimrudisha kwa aliyekosewa, na deni akalitaja waziwazi. Kwa hiyo kulea kijana si kwenda kituo cha polisi kuapa kwamba usiku ule alikuwa kwako na hakuwa. Si kumsainia mkopo wa pikipiki wiki ya pili. Kijana mjanja atakupima hapo kwanza, na ukikubali amekushinda, na heshima yake kwako imekwisha.

Mwaka 1904, katika jiji la New York, karani wa mahakama ya watoto aliyeitwa Ernest Coulter alichoka kuona wavulana wakipita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Akaenda kwenye chama cha wanaume wa kanisa moja, akawaomba kila mmoja amchukue mvulana mmoja. Wanaume wapatao 40 wakakubali. Kutoka hapo likazaliwa shirika la walezi wa kujitolea ambalo bado lipo. Mwaka 1995 ulitolewa utafiti juu ya kazi yao: vijana waliopewa mlezi walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 46 wa kuanza mihadarati, wakilinganishwa na waliokuwa bado wanangoja kupewa. Na hawakuwa wanafanya maajabu. Wanakutana mara kwa mara, wanakula, wanatazama mpira, wanaongea.

Lakini uchambuzi wa baadaye ulionyesha upande wa pili. Kijana ambaye mlezi wake alimwacha kabla ya miezi mitatu alibaki akijithamini chini ya alivyokuwa mwanzo. Huyo alishaachwa na baba, akaachwa na mwalimu, na sasa ameachwa na mtu wa kanisa. Kwa hiyo mpendwa, kama Roho amekugusa kwa sababu tu kinanda kinalia taratibu, nenda nyumbani, ulale, uongee na mume au mke wako, uje wiki ijayo. Tunahitaji mtu wa saa mbili kila wiki kwa mwaka mzima. Fundi wa Chaani anayeweza kukaa na kijana Jumamosi karakana ikiwa wazi anatufaa kuliko mhubiri mwenye sauti.

Mkutane mahali pa wazi, mchana, mzazi au mlezi wake akijua mko wapi. Wanaume kwa wavulana, kina mama kwa wasichana. Pesa zipitie ofisi ya kanisa, hata ikiwa ni shilingi mia ya nauli.

Mstari wa 22 Paulo anamwambia Filemoni amwandalie chumba cha wageni, maana anatumaini kuja. Fikiria Filemoni anasoma hapo: mzee mwenyewe anakuja kuangalia kijana amepokewaje! Na sisi tutafuata hivyo hivyo. Kila mwisho wa mwezi walezi watakutana na mimi na mzee wa kanisa, mtu aseme amemwona kijana wake mara ngapi.

Watakaoandikisha wabaki baada ya ibada ya pili, mlango wa upande wa jikoni. Njoo na kitambulisho, na wewe pia cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, maana tutakiomba. Majina ya vijana tuliyo nayo sasa ni mengi kuliko ya walezi.