Aliyerudi Kutoka Hospitali Ni Nani?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Haisemi ni kitu gani kinachomfanya mtu aendelee kuwa yule yule katika maisha hayo. Siku ya harusi nani ataliuliza? Swali hilo huja baadaye, mara nyingi kwa pikipiki.

Tuseme ni Gwarama, kule Kakonko, katika nchi ya Waha iliyokuwa sehemu ya Kibondo. Bodaboda imeteleza kwenye tope, abiria hana helmeti, kichwa kimepiga chini. Hospitali ya wilaya imempa rufaa ya Bugando, safari ndefu kupitia Nyakanazi hadi Mwanza. Amerudi. Anatembea, anakula, kidonda kimefunga. Majirani wanamshukuru Mungu na kwenda zao, maana kwao habari imekwisha. Kwa mkewe ndiyo kwanza inaanza. Mume aliyekuwa mpole sasa anafoka redio ikiwashwa. Anatia chumvi kwenye maharage, anageuka, anatia tena. Saa nane mchana yu hoi kama aliyelima tangu alfajiri, na jembe hajalishika. Watu wanasema mvivu, wengine wanasema karogwa. Ubongo ulioumia huchoka hivyo, ila kovu lake halionekani.

Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, chuma kilipenya fuvu la Phineas Gage, nyapara wa kazi za reli, naye akapona. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Kauli hiyo imesomeshwa vyuoni mpaka leo. Kinachosahaulika ni kwamba miaka michache baadaye Gage alikuwa Chile, akiendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi, kazi isiyofanywa na mtu asiyejimudu. Rafiki zake walifunga hesabu mapema.

Mwanafalsafa John Locke alishikilia kwamba mtu hubaki yule yule kadiri fahamu yake inavyoyafikia yale aliyoyatenda zamani. Kwa kipimo hicho, mume asiyeikumbuka siku ya harusi yake si yule aliyeoa. Mimi nasimama na wazee wetu: hujafa hujaumbika. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumkanya anayemcheka kilema, lakini inasema zaidi ya hapo. Inasema hata kabla ya ajali hapakuwa na mume aliyekamilika. Mke aliahidiana na mtu anayeendelea kuumbwa, na yeye mwenyewe bado anaumbwa.

Haifuati kwamba hana ruhusa ya kulia. Ana haki ya kumlilia mume wa zamani huku huyu wa sasa akimwomba maji. Sheria ile ile inatambua kwamba mabega ya binadamu yana kikomo: ugonjwa wa akili ambao madaktari wawili wamethibitisha hauna matumaini ya kupona unaweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Sioni ukatili hapo.

Kwa anayebaki, kazi ngumu kuliko kumwogesha mgonjwa ni kumsubiri. Jirani anauliza, "Baba Neema, shamba vipi?" Jibu linachelewa, na mama Neema analijua. Akilitoa yeye, kila mara, kwa upendo kabisa, mumewe atakuwa mgeni katika nyumba yake. Heri kimya kile cha aibu, hata jirani akiangalia pembeni.

Lakini subira hiyo haitoki kwa mtu asiyelala. Mashemeji wanakuja Jumapili, wanakunywa chai, wanamwambia "jikaze", wanaondoka. Ndugu wa mume, huyu alikuwa wenu kabla hajawa wake. Njooni mkae naye siku mbili tatu, mke aende shambani au alale tu, na mgonjwa akiuliza jambo lile lile mara ya tano, mjibuni.