Mtoto ni Amana, Asiachwe Bila Mchunga

Alhamdulillahi Rabbil-alamin, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad:

Ndugu Muislamu, apandaye gari Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, miji ya Makueni. Na huko, kama Kitui, tunao ndugu zetu. Nchi hizo ni kavu. Kiangazi kikiingia, mto kama Tiva wa Kitui hukauka ukabaki mchanga mtupu. Mama hutoka alfajiri na madumu yake kwenda kufukua maji mchangani, na baba yuko kazini. Nyumbani husalia watoto, na mkubwa wao huenda hajatimiza miaka saba. Sisi wa mjini hatuna udhuru wa ukame, nasi twafanya yayo hayo tuendapo arusini na sokoni.

Ukimuuliza mzazi mchunga wao ni nani, hujibu: "Nimemwachia Mungu." Neno hili ni zuri, lakini hapa halikuwekwa mahali pake. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga, amtegemee Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Ikiwa ngamia hufungwa, mtoto je? Mtume huyo huyo ametuamrisha tuwazuie watoto wasitoke jua linapokuchwa, na tuzime moto kabla ya kulala. Wala hirizi ya shingoni haizimi moto.

Basi kumfunga ngamia katika jambo hili ni haya:

Kwanza, mtoto mdogo asiachwe peke yake, wala asiachiwe mtoto mwenziwe. Apelekwe kwa bibi yake au kwa jirani mwaminifu. Na wanawake waendao mtoni wawekeane zamu, mmoja abaki na watoto wa wote.

Pili, moto uzimwe kabla ya kutoka, na jiko la makaa lisiachwe likiwaka chumbani, kwani hewa yake huua bila kuonekana. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, mtoto akadhani ni kinywaji.

Tatu, pipa na kisima vifunikwe, na watoto wakatazwe kucheza penye mashimo yaliyochimbwa mchanga, ambayo mvua za Oktoba hadi Desemba huyajaza maji.

Nne, usiwafungie watoto kwa kufuli ya nje. Moto ukizuka, nyumba hiyo ni kaburi. Mkubwa mwenye akili afundishwe asimfungulie asiyemjua, akimbilie kwa nani, na nambari 116, ambayo Kenya huitumia kuwasaidia watoto bila malipo.

Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 yahesabu kumtelekeza mtoto kuwa ni kosa. Lakini liko baraza kubwa kuliko la hakimu. Mtume ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na jirani asikiaye kilio cha mtoto akanyamaza, naye atajibu nini?

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu, na utujaalie tuwe wachunga wema. Amin.