Jembe Lisiwe Adhabu

Mtoto akishika mkia darasani, sisi wazazi humwambia: "Usiposoma utaishia kulima." Akikosea, tunampa jembe akalime peke yake juani. Hapa Morogoro wengi wetu tumesomeshwa kwa mboga za Mgeta na ndizi za Matombo, lakini ndio tunaowafunza watoto kwamba shamba ni mahali pa walioshindwa.

Elimu haijakosekana. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo hapa tangu 1984. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania (SAT), lililoanzishwa mwaka 2011, hufundisha vikundi vya wakulima wa Milima ya Uluguru kutengeneza mboji na kuzuia mmomonyoko. Hata fedha zimewahi kuja: mradi wa mashirika ya CARE na WWF uliwalipa wakulima wa milimani waliochimba matuta na kupanda miti, shirika la maji la Dar es Salaam likichangia, kwa kuwa maji ya Mto Ruvu yanayotumika jijini humo hutoka huku. Lakini ruzuku hulipia tuta la leo tu. La kesho linamtegemea mtoto ambaye leo tunamtisha kwa jembe.

Tulipaswa kujifunza zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru, wenyeji wa milima hii, kuchimba matuta ya ngazi. Nia ilikuwa kuokoa udongo, lakini njia ilikuwa shuruti. Mwaka 1955 wananchi walipinga kwa ghasia, na mpango ule ukafa. Miongo kadhaa baadaye, matuta yamechimbwa kwenye milima hiyo hiyo na wakulima waliofundishwa na kuelewa faida yake. Ikiwa watu wazima waliikataa kazi yenye manufaa kwa sababu ya amri, mtoto tunamtarajia aipende vipi?

Wajibu wetu ni kulima pamoja na watoto wetu. Hata asiye na shamba anaweza kupanda mchicha kwenye magunia uani. Mtoto apewe tuta lake na zamu yake ya kumwagilia. Akizembea, aione mboga ikinyauka, tusimfichie hasara. Hiyo nayo ni nidhamu. Nasi tuonekane tukirundika mboji badala ya kuchoma majani, kwa maana watoto hufuata tunayotenda.

Mzazi mwenzangu, ukitaka kumwadhibu mwanao, tafuta adhabu nyingine. Jembe mpe siku mnayokwenda shambani pamoja.