JE, TUNAWEZA KUOMBA MSAADA KWA JINA LA MTU TUSIYEMUULIZA?



Je, ni haki kuomba msaada kwa jina la mtu ambaye hatukumuuliza anataka nini? Tutafute jibu katika mambo yaliyotokea Marekani wakati wa utumwa.

Mwisho wa mwaka 1816, mjini Washington, wazungu wenye cheo waliunda shirika lililoitwa American Colonization Society. Kusudi lake lilikuwa kuwahamisha watu weusi walio huru na kuwapeleka Afrika, katika inchi iliyokuja kuitwa Liberia. Baadhi yao walichukia utumwa kweli. Lakini Bushrod Washington, msimamizi wake wa kwanza, alikuwa mwenyewe na watumwa.

Mwezi wa kwanza 1817, watu weusi wapata 3000 walikusanyika katika kanisa la Bethel, Philadelphia. Wakakataa: hawataondoka na kuwaacha ndugu zao utumwani. Hata hivyo, mwaka 1831 Elliott Cresson alikwenda Uingereza kutafutia shirika fedha, akiwaambia wakristo wa huko kwamba zitasaidia kumaliza utumwa. Wengi waliamini.

Mchungaji mweusi Nathaniel Paul alikuwa huko vilevile, akiombea msaada kijiji cha watu weusi waliohamia Kanada. Yeye alitumwa na wenye shida wenyewe. Pamoja na William Lloyd Garrison, aliyefika mwaka 1833, alieleza wazi kwamba weusi wa Marekani hawakutaka mpango ule. Mwezi wa saba mwaka huo, mzee William Wilberforce alitia sahihi barua ya kulikataa shirika, siku chache mbele ya kufa kwake.

Mtu atasema: mwenye njaa haulizwi kama anataka kula. Ndiyo. Lakini hawa waliomba haki katika inchi waliyozaliwa, wakapewa merikebu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Upofu wa Bartimayo ulionekana na wote, lakini Bwana Yesu alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini.

Tena, fedha alizokusanya Paul ziliishia katika gharama zake, kijiji hakikufaidika. Basi kutumwa peke yake hakutoshi.

Kwa hiyo, anayekuja kuomba kwa jina la wajane, yatima au wakimbizi, tumuulize: wao wamekutuma? Na sisi tukitumwa, tupeleke neno lao bila kuligeuza, kisha tuwarudishie hesabu.