Kupunguza Mwendo: Upole au Ucheleweshaji?

Dereva anayeiacha barabara kuu ya Thika na kuifuata Eastern Bypass hulazimika kupunguza mwendo afikapo Kamakis, karibu na mji wa Ruiru. Kuna magari yaliyoegeshwa, bodaboda zinazokatiza na watu wanaovuka kwa miguu; kuna pia moshi wa nyama choma ambao ndio uliolijulisha jina la mahali hapo. Sheria humwamuru apunguze, harufu humshawishi. Je, aliyeamriwa na aliyeshawishiwa wanatenda tendo moja?

Kiingereza kina kitenzi "decelerate", kilichoanza kutumika mwishoni mwa karne ya 19, zaidi ya miaka 300 baada ya kinyume chake, "accelerate". Ni neno la mafundi wa mitambo. Hupima badiliko la kasi wala halimjali anayekwenda. Neno la kale zaidi, "slow", lilibeba lawama tangu mwanzo: lilimaanisha pia mvivu na mzito wa akili, na "sloth", jina la mojawapo ya dhambi saba kuu katika mafundisho ya Kikristo, limetokana nalo.

Mswahili husema "punguza mwendo". Mwendo, kama ajuavyo msomaji, si kasi pekee. Ni namna ya kwenda, na umetokana na kitenzi kilekile kilichotupa mwenendo, yaani tabia. Anayeambiwa aende polepole huambiwa kwa neno lenye mzizi mmoja na upole, na mzizi huohuo ndio utumiwao kumliwaza aliyefiwa au hata aliyejikwaa tu. Anayeambiwa aende taratibu huambiwa kwa neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni mpangilio. Kwa mujibu wa lugha, basi, mwenda pole si mtu aliyepungukiwa na kitu. Ni mtu aliyekwisha kumwona mwenziwe njiani.

Aghalabu uhakiki wa methali hukomea hapa na kuridhika. Haraka haraka haina baraka, na mjadala umefungwa! Lakini neno "haraka" katika Kiarabu ni kusogea tu, kinyume cha kutulia, na Kiswahili kimepata kwa mzizi huo pia neno harakati, linaloenziwa na kila aliyepigania uhuru. Haiyumkiniki mtu kuibeza haraka na kuzisifu harakati bila kuulizwa ni nani anayemwambia nani apunguze mwendo. Wahenga wenyewe hawakuafikiana, kwani ndio waliosema pia kwamba ngojangoja huumiza matumbo.

Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliharamisha utenganishaji wa watoto kwa rangi katika shule za umma. Mwaka uliofuata iliagiza utekelezaji kwa kauli iliyounganisha kasi na tahadhari katika pumzi moja. Majimbo mengi ya kusini yaliishika tahadhari, na watoto wakangoja zaidi ya mwongo mmoja. Shaaban Robert alilitambua tatizo hili katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Utetezi wa Karama huchukua siku kadhaa, na kila siku inayoongezeka humpa mshtakiwa uhai na baraza nafasi ya kufikiri. Huo ni utaratibu kwa maana yake kamili. Hata hivyo, hadithi anayoisimulia ni ya wajumbe waliorudi na mambo ya manufaa kwa nchi wakatiwa gerezani, na manufaa hayo yakangoja pamoja nao. Katika kitabu kimoja, kukawia kunaokoa na kukawia kunadhulumu, wala mwandishi hatoi jina tofauti kwa kila kimoja.

Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ziliyalazimisha matatu yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Abiria walinufaika, na hilo halina ubishi. Lakini gari dogo la mtu binafsi halikufungwa chombo hicho. Mwenye gari lake aliachiwa upole awe nao kwa hiari.

Kamakis mgawanyo huu huonekana bila kutafutwa. Mteja huketi na kuagiza mbuzi, na hakereki kungoja, kwa sababu nyama iliyoharakishwa motoni huungua nje ikabaki mbichi ndani. Taratibu yake ni starehe aliyoinunua. Mhudumu anayemletea maji ya kunawa hukimbia kutoka meza hadi meza, na akiambiwa "polepole" huwa amekwisha kumwaga. Nje, mchuuzi aliyejitwisha ndizi amesimama ukingoni mwa lami akingoja magari yapungue ili avuke. Ameinua mguu na kuurudisha mara tatu sasa, na anayekuja hajagusa breki.